Kuni za Anayekuja Nyuma

19 Januari

Eevert amepiga simu tena kuhusu Mama. Nimemwambia Mama hatoki nyumbani kwake, na nimekata kabla hajajibu. Mjadala umekwisha.

20 Januari

Haujakwisha. Leo anasema Mama ameanguka kwenye njia ya sauna na akakaa kwenye theluji mpaka yeye aliporudi kutoka msituni. Nikamuuliza alikuwa anatafuta nini msituni wakati mama yake ni kikongwe asiyejiweza. Akasema alikuwa kazini. Nikamwambia mwezi wa Mei nastaafu jiko la shule, nahamia kijijini kwetu Kuusilompolo, namtunza Mama mwenyewe. Kama mwanamume mzima hawezi kuvumilia mpaka Mei, basi na aseme. Hakusema. Huyu mdogo wangu ndivyo alivyo tangu utotoni: unamfokea, ananyamaza kama gogo, halafu anakwenda kufanya lile lile alilokusudia. Afadhali mtu anayekujibu ukajua mmegombana.

2 Februari

Theluji siku nzima. Supu ya samaki imeshika chini, nimewafokea wote jikoni. Tyyne, msaidizi wangu, amejifungia stoo analia. Mtu mzima, analilia supu.

15 Februari

Likizo ya majira ya baridi iko karibu. Kila mwaka tangu Baba afariki, mimi na Eevert tunaipita njia yake: mbao za skii miguuni, shanta mgongoni, tunalala katika vibanda vya wasafiri, kibanda hadi kibanda, mpaka barabara iliyo ng'ambo ya milima. Wiki hiyo Mama hulala kwenye nyumba ya wazee kijiji cha kanisa, kisha hurudishwa kwake. Nimemuuliza Eevert kama amempangia. Akasema amepanga. Sauti yake sikuipenda.

28 Februari

Nimefunga shanta. Kahawa nimechukua ya watu wawili, maana yeye lazima asahau.

1 Machi, kibanda cha kwanza

Amesahau kahawa.

Vinginevyo siku ilikuwa njema. Jua kwenye vilima vipara, theluji ngumu, skii zinakwenda zenyewe. Eevert alitangulia kufungua njia, na hatukuzungumza, maana kwenye njia hii kuzungumza ni kupoteza pumzi. Tumefika mapema, tukakuta kila kitu kama inavyopaswa: sanduku limejaa kuni zilizopasuliwa, na juu ya jiko njiti mbili zilizonyolewa kwa kisu, nyuzi za mbao zimebaki zimejikunja vizuri kama manyoya, zinangoja kiberiti tu. Sheria hii Baba alitufundisha kabla hatujajua kusoma. Ukiondoka kibandani unamwachia anayekuja nyuma kuni zilizopasuliwa na njiti zilizonyolewa, kwa sababu humjui ni nani na hujui anafikaje. Huenda vidole vyake vimekufa ganzi na ana nguvu ya kuwasha kiberiti kimoja tu. Mtu anayeacha sanduku tupu, Baba alisema, ni sawa na anayeondoka na mlango.

Tumekula nyama kavu na mkate. Eevert ananiangalia, anaangalia jiko, ananiangalia. Ana jambo.

2 Machi, asubuhi

Sasa nalijua. Amelitoa wakati anafunga viatu, kana kwamba ananiambia upepo umegeuka.

"Mama harudi nyumbani, dada. Amepata chumba cha kudumu. Nimetia saini Ijumaa."

Nilimuuliza mama ni wa nani. Nilimuuliza kama nyumba ameshaipangisha au anangoja nirudi mjini kwanza. Nikamwambia Baba angemfukuza kwa shoka. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki, si kwa sababu nayaonea haya, ila kalamu ya risasi ni fupi. Yeye alisimama mlangoni kofia mkononi. Akaanza, "Raakel, sikiliza, Mama mwenyewe…" na mimi nikamwambia asinitajie Mama kwa kinywa hicho.

"Nenda mbele," nikamwambia. "Usinisubiri popote. Sitaki kuona hata mgongo wako."

Akavaa skii akaenda. Hata kupaaza sauti hakuweza, kunipa raha hiyo. Mimi nimebaki kupasua kuni na kunyoa njiti za anayekuja nyuma, zangu na zake.

2 Machi, jioni, kibanda cha pili

Siamini macho yangu. Jiko lilikuwa bado vuguvugu, maana yake alikuwa hapa mchana, amepumzika, amejipasha moto, akaendelea na safari. Na sanduku ni tupu. Si kuni mbili, si moja. Hakuna njiti hata ya kuchokolea meno. Vyombo vimeoshwa, sakafu imefagiwa, ndoo imepinduliwa isipasuke kwa barafu, kila kitu kwa adabu, ila kuni hakuna.

Mgeni asiyejua ningemsamehe. Huyu anajua. Na anajua ni nani anayekuja nyuma yake. Amekaa kwenye benchi hili, akachoma kuni za watu, akawaza: dada yangu atafika na baridi yake, na apasue mwenyewe. Angenizaba kofi ningelielewa zaidi.

Nimepasua kuni gizani nikiwa na taa ya kichwani, jasho limeniganda mgongoni. Ananyamaza, ananyamaza, halafu haya ndiyo maneno yake.

3 Machi

Dhoruba. Sitoki. Nimepasua kuni kwa hasira mpaka sanduku limefurika. Atakayekuja atadhani hapa palilala malaika.

4 Machi, kibanda cha tatu

Anga imefunguka na baridi imeshuka kwa kishindo. Kipimajoto cha dirishani kinaonyesha thelathini na kitu chini ya sifuri, na jua bado halijazama.

Katikati ya mlima nimekutana na mama mmoja anayetoka upande wa pili, Irja, mwalimu kutoka kusini, skii mpya, uso umepakwa mafuta unang'aa. Anapita njia hii kwa mara ya kwanza na ana furaha ya kumaliza mtu. Alipishana na Eevert asubuhi hii, na nilipomwambia ni ndugu yangu akashangaa mbona tunatembea mbalimbali. Nikamwambia ndivyo tupendavyo.

"Ni mkimya ndugu yako," akasema. "Nilimpa mkono, hakunipa wake. Alikuwa ameuchomeka ndani ya koti, kama bwana mkubwa anayepigwa picha."

Nilikaribia kucheka. Eevert bwana mkubwa. Ametia saini karatasi moja, sasa hata salamu haitoi.

Kisha Irja akajisifu kwamba kibanda cha nne amekiacha vizuri: sanduku amelijaza magogo makubwa mazima, kwa sababu makubwa yanawaka muda mrefu. Nikamuuliza je, amepasua mangapi. Hakuelewa swali. Gogo zima lililoganda haliwashiki hata ukilibembeleza, ila nilichoka kumfundisha mtu kwenye baridi ile. Nikamwambia kibanda cha pili kina kuni za kutosha harusi, nikaenda zangu.

Dhoruba ilikuwa imefuta kila kitu, lakini nilipokaribia kibanda cha tatu nikaziona nyayo za Eevert zikitoka mlangoni kwenda kaskazini, mpya. Skii mbili na fimbo moja. Kushoto alama za fimbo, kulia hakuna. Anateleza kwa fimbo moja kama vijana wa mashindano, katika umri ule. Anamwonyesha nani?

Ndani, sanduku tupu kwa mara ya pili. Kwenye banda la kuni kuna gogo moja limetafunwatafunwa na shoka upande mmoja, kama panya wamelila, halafu likaachwa pale pale. Ameanza, akachoka, akaghairi. Hiyo ni mbaya kuliko kutoanza. Juu ya jiko ameacha njiti moja, mbovu, ya aibu. Nimeisukuma pembeni. Msaada wake siutaki.

Kutoka hapa kuna njia ya kando inayoshuka hadi barabara kuu. Kesho naishika. Napanda basi, nakwenda kijiji cha kanisa, namtoa Mama chumbani humo na kumrudisha nyumbani kwake. Eevert na aendelee na njia ya Baba peke yake mpaka mwisho, akafike, akakute hakuna mtu wa kumpikia kahawa. Wala hana kahawa.

7 Machi, Rovaniemi, hospitalini

Naandika ya tarehe tano.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshafunga shanta, skii zimeelekea njia ya kando. Nilibakiwa na kazi ya kunyoa njiti za anayekuja nyuma. Nikaketi kwenye benchi na kisu, na ile njiti mbovu ya Eevert ilikuwa mbele yangu, nikaichukua ili niicheke vizuri mchana kweupe.

Eevert ndiye mnyoaji bora kuliko wote katika familia yetu. Manyoya ya njiti zake ni membamba unaona mwanga ndani yake. Hii ilikuwa na manyoya manne mafupi, matatu yamevunjika, na kijiti kina alama za meno upande mmoja. Nikaigeuza. Manyoya yamekatwa kutoka upande usio wake. Imenyolewa kwa mkono wa kushoto, na mwenyewe ameishika kwa meno.

Fimbo moja. Mkono ndani ya koti. Gogo lililotafunwa. Hakuwa ameghairi kuniachia kuni. Alikuwa amehangaika na shoka kwa mkono usiojua shoka, akashindwa, akaniachia alichoweza, njiti moja aliyoinyoa kwa meno. Nami nilikuwa nimeisukuma pembeni.

Kisha nikakumbuka kibanda cha nne na magogo mazima ya yule mwalimu. Eevert alikuwa ameshafika pale jioni iliyotangulia, ya baridi kuliko zote, mkono mmoja, na hakuna kitu cha kuwasha.

Sijapata kuteleza vile tangu ujana, na ujanani sikuteleza vile. Hasira ilinibeba. Nilimtukana njia nzima: kwa nini hukusema, mjinga wewe, una mdomo wa nini, kwa nini hukukaa kibanda cha pili ukanisubiri. Nililia pia, na machozi yakaganda kwenye kope nikawa naona kwa jicho moja.

Bomba la moshi la kibanda cha nne halikuwa linatoa kitu. Niliona hilo kutoka mbali sana, na nusu ya mwisho ya njia siikumbuki.

Alikuwa amejilaza kwenye ubao ulio karibu na jiko, ndani ya mfuko wa kulalia, kofia imefunika macho. Sakafuni njiti za kiberiti zilizoteketea zilikuwa zimezagaa kila mahali. Ndani ya jiko gogo zima lilikuwa limepakwa masizi juu, basi. Nilidhani amekufa. Nikaita jina lake kwa sauti ambayo ningeitumia kumgombeza, kwa sababu nyingine sina.

Akafungua macho. Akaniona. Na unajua alifanya nini? Alijaribu kuinuka. Kwenye vibanda vyetu aliyefika mwisho ndiye mwenye haki ya mahali pazuri, waliotangulia wameshapumzika, wanampisha. Mtu midomo imemgeuka rangi ya zambarau, anahangaika kutoka kwenye mfuko anipishe ubao kando ya jiko lililozimika.

"Lala chini," nikamwambia. "Lala chini kabla sijakulaza."

Nilipasua gogo la Irja vipande vipande. Moto ukashika. Nikamnywesha maji moto yenye sukari, mengi, kijiko kwa kijiko. Nilipomvua glavu ya kulia nikageuza uso. Kifundo kilikuwa kimevimba kama mkate, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeupe, vigumu. Alikuwa ameanguka tarehe mbili, kwenye mteremko wa kuelekea kibanda cha pili, saa chache baada ya kuachana nami.

"Kwa hiyo ulikuwa kibanda cha pili, mkono umevunjika, jiko linawaka, na mimi nakuja nyuma yako," nikasema. "Kwa nini hukunisubiri?"

"Ulisema nisikusubiri."

"Eevert, nilikuwa na hasira."

"Najua." Akavuta mfuko wa kulalia mpaka kidevuni kwa mkono mzima. Kisha akasema, "Mkono nilijua utaniuma kiasi gani, dada. Wewe sikujua."

Alipoanza kutetemeka, ambayo ni dalili njema, nikapanda kilima kilicho nyuma ya kibanda mpaka simu ikapata mtandao. Kauko, yule wa kijijini anayetunza alama za njia, akaja na pikipiki ya theluji na sleji ya kukokota mizigo nyuma, tukamfunga humo kama mzigo. Kauko alimwangalia Eevert, akaniangalia mimi, akasema tu kwamba baridi ya mwaka huu ni mbaya. Nilimshukuru kwa kusema hivyo.

8 Machi

Wamekata vidole viwili. Kidole kidogo na kinachofuata, mkono wa kulia. Daktari anasema siku mbili mapema wangeviokoa. Siku mbili mapema mimi nilikuwa kibanda cha pili, nimejifungia na dhoruba, napasua kuni kwa hasira.

9 Machi

Simwelewi. Anamwambia muuguzi aliteleza. Hakuna neno juu yangu. Nimemwambia anitaje, akasema hakuna cha kutaja. Nimekasirika tena, kisha nikatoka nje nikasimama kwenye maegesho mpaka hasira ikaisha. Ilichukua muda.

13 Machi

Leo nimemuuliza. Nimejiandaa tangu asubuhi, nikajiambia: utauliza, halafu utafunga mdomo hata kama utauma ulimi. Nikamuuliza siku ile mlangoni alitaka kusema nini, alipoanza "Mama mwenyewe".

Alinitazama kwanza kama mtu anayepima barafu kabla ya kuikanyaga.

"Mama mwenyewe ndiye aliyeomba chumba. Tangu mwezi wa Novemba. Anaogopa kuwa peke yake nikiwa msituni. Alinilazimisha nisikwambie. Alisema, usimwambie dada yako mpaka nimeshatundika mapazia."

Nikauliza kwa nini mapazia.

"Kwa sababu mapazia yakishatundikwa, huwezi kumtoa kirahisi."

Nikauma ulimi. Kweli, niliuma. Kwa hiyo tangu Novemba wamekuwa wawili, mama yangu na ndugu yangu, wananong'ona nyuma ya mgongo wangu namna ya kunipita, kama watu wanaopanga kupita karibu na mbwa wa jirani. Nilitaka kumwambia hivyo. Kisha nikaona bandeji. Nikammenyea chungwa, kwa sababu yeye hawezi tena.

20 Machi

Shule. Tyyne alimwaga unga wa rai sakafuni, wote. Alisimama anangoja. Nikachukua ufagio. Aliniogopa zaidi kuliko siku zote.

30 Machi

Eevert ameruhusiwa. Nilimpeleka kwake Kuusilompolo kwa gari. Theluji inayeyuka kwenye mapaa, matone siku nzima. Nilipasua kuni za mwezi mzima, nikazipanga kibarazani anapofikia kwa mkono wa kushoto. Alisema nimezipasua nyembamba mno. Nikamwambia azile basi. Akacheka, na mimi nikafurahi kwamba bado anacheka.

Nyumba ya Mama imefungwa. Nilizunguka nikachungulia madirishani. Mapazia ya jikoni hayapo.

5 Aprili

Nimekwenda kijiji cha kanisa. Mpaka leo nilikuwa sijaenda, na kisingizio nilikuwa nacho kila wiki.

Chumba kiko mwisho wa ukumbi. Mapazia ya jikoni, yale ya maua ya buluu, yametundikwa. Mama alikuwa mezani kwake, nywele zimechanwa, sharubati ya beri na biskuti vimepangwa, vikombe viwili vimeshamiminwa kahawa. Alikuwa ameniona nikiegesha gari. Nilisimama mlangoni na koti langu. Maneno yote niliyoyaandaa tangu mwezi wa Machi yalikuwa kooni: Novemba, nyumba, na vidole viwili vya mwanawe. Hayo yote nilikuwa na haki nayo, na bado ninayo.

Mama hakuinuka. Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia nilipotoka shuleni na goti lililochubuka.

"Umekasirika," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Sana?"

"Sana."

Akavuta kiti cha pili kwa fimbo yake, taratibu, kikakwaruza sakafu.

"Basi kasirika ukiwa umekaa, mwanangu. Kahawa inapoa."

Nikakaa.